Saa ya Zoezi

Kwa wiki tatu mwaka jana nililipwa kuwatungia watu wazima shida. Saa mbili asubuhi nasomba daraja. Saa tatu nawatia kipindupindu watoto wa kambi nzima. Kabla ya chai ya saa nne nimeshamteka dereva wa lori la unga, na mchana, nikiwa nimeshiba ugali na sukuma wiki ya mesi, namwachilia au namzuia, kutegemea kanali ameamkaje.

Nasomea shahada ya uzamili katika mifumo ya habari. Mhadhiri anayenisimamia alipigiwa simu na kituo kimoja cha mafunzo ya ulinzi wa amani. Walitaka mtu anayejua kompyuta, anayeandika Kiingereza cha kueleweka na asiyedai pesa nyingi. Akanitaja. Nilitimiza masharti yote matatu, hasa la mwisho.

Zoezi lenyewe halikuwa la mitutu. Hakuna aliyetambaa matopeni. Maofisa kama arobaini kutoka nchi kadhaa za ukanda wetu walikaa katika jengo moja wakijifanya makao makuu ya kikosi cha kulinda amani, katika nchi ambayo haipo. Sisi tulikaa jengo la pili, kwenye chumba cha udhibiti, tukijifanya kila kitu kingine: serikali, waasi, wanahabari, mashirika ya misaada, wajane, mvua. Wao hawakuruhusiwa kuingia kwetu. Kilichovuka uwanja kati ya majengo hayo mawili kilikuwa simu, barua pepe na sauti za redio, na karibu kila neno lilikuwa limeandikwa mapema ndani ya programu.

Nilitarajia programu hiyo iwe kama ya sinema, ramani zinazowakawaka na mishale mekundu. Ramani ilikuwepo, lakini moyo wa kazi ulikuwa jedwali. Kila mstari wa jedwali ni jambo moja litakalotokea. Mstari una namba, saa, anayetuma, anayepokea, njia itakayotumika, maneno yenyewe, na rangi inayoonyesha jambo limefika wapi: rasimu, limeidhinishwa, limetumwa, limefungwa. Mistari inakusanyika kuwa kisa, visa vinakuwa mkondo wa hadithi, na mikondo ikiunganishwa inakuwa zoezi zima. NATO wana programu yao ya aina hii, JEMM, na kampuni ya Sweden iitwayo 4C Strategies inauza nyingine, Exonaut. Yetu ilikuwa ndogo na ya polepole, lakini ukoo ni mmoja. Kazi yake ni kuzuia watunga shida wasigongane, ili daraja nililolisomba mimi Jumatatu lisivukwe na msafara wa mwenzangu Jumanne.

Neno la Kiingereza wanaloliita mstari mmoja wa jedwali lina maana ya kudunga. Meja aliyesimamia meza yetu, mtu mzima aliyekaribia kustaafu, alikuwa ameshalitafsiri zamani. Aliliita sindano.

"Sindano ya daraja imeingia?"

"Imeingia, afande."

"Wamelia?"

"Bado."

"Ngoja kidogo. Dawa inapanda polepole."

Mwisho wa kila mstari kulikuwa na safu moja ambayo waliokuwa ng'ambo ya uwanja hawakuiona: hatua inayotarajiwa. Hapo mtunzi anaandika jibu analotaka kuliona. Kwa sindano ya daraja niliandika: ofisa wa operesheni aangalie ramani, atafute njia mbadala, aarifu watu wa ugavi, yote ndani ya nusu saa. Wakifanya hivyo, unaweka alama. Wasipofanya, unaandika walichofanya badala yake. Mwisho wa zoezi programu inajumlisha alama hizo, na wakufunzi wanajua darasa limekwama wapi. Bila safu hiyo ungekuwa unawachosha watu tu kwa matatizo.

Niliipenda kazi, siwezi kudanganya. Nilipenda kuwapa waasi wangu tabia. Nilimpa gavana mmoja wa kubuni kaka mfanyabiashara wa saruji, na kwa siku mbili maofisa walihangaika kujua kwa nini barabara ya msaada lazima ipite kwake. Nilisoma kila nilichopata kuhusu historia ya jambo hili. Nilijua sasa kwamba mwaka 1824 luteni mmoja wa Prussia, Georg von Reisswitz, aliwaonyesha wakubwa wake mchezo wa vita wa ramani na dadu alioanza kuutengeneza baba yake, ukiwa na mwamuzi wa kati ambaye peke yake ndiye aliyeona pande zote mbili. Chumba chetu kisicho na hewa ya kutosha kilikuwa kiti cha mwamuzi yule, kikiwa na waya zaidi.

Nilicheka pia. Nchi za kubuni za mazoezi mara nyingi huwekwa kwetu, na majina yake yanatoka kinywani mwetu. Katika mazingira ya mafunzo ambayo jeshi la Marekani limeyatunga kwa ajili ya Afrika, nchi zinaitwa Amari, Ziwa, Nyumba na Kujenga. Hebu fikiria raia wa Kujenga anapoulizwa kwao ni wapi. Umoja wa Mataifa na Umoja wa Afrika wao wametumia kwa miaka mingi nchi iitwayo Carana, iliyopo kwenye kisiwa kinachoitwa Kisiwa. Nilimtumia rafiki yangu wa chuo ujumbe: kumbe hata vita vyetu vya kuigiza vinaandikwa na mtu mwenye kamusi mkononi. Akanijibu: na wewe sasa ndiye kamusi.

Katikati ya wiki ya pili ya maandalizi, meja alikuja mezani kwangu na kikombe chake.

"Msomi, siku ya tatu mchana ina pengo. Niandikie kitu cha raia waliojificha kanisani. Wewe ni raia, unawajua raia."

Sindano zangu nyingine zilinichukua nusu siku kila moja. Hii niliiandika kwa dakika kama kumi. Katibu wa parokia anapiga simu. Watu 260 wamejifungia katika uwanja wa kanisa, kilomita nne kutoka barabara kuu. Tangi la maji limebaki robo. Barabara imefungwa kwa magogo na mawe pande zote mbili. Vijana wameonekana wakizunguka ua. Mwanamke mmoja amejifungua usiku, hakuna mkunga. Anaomba ulinzi kabla ya giza kuingia.

Nilipoisoma tena niliona kwamba kitu pekee nilichokitunga ni jina la nchi.

Kwenye safu ya mwisho sikuandika neno. Nilikaa nikiitazama nafasi ile nyeupe. Nilipobonyeza kuhifadhi, programu ilikataa na kuizungushia mstari mwekundu, kwa sababu haikubali shida isiyo na hatua inayotarajiwa. Meja aliinama juu ya bega langu na kwa vidole viwili akaandika: doria itumwe ndani ya dakika 45, makao makuu yaarifiwe, aliyepiga apigiwe tena na kuelezwa. Mstari mwekundu ukatoweka.

"Rahisi," akasema, akaenda kuongeza chai.

Nilikuwa na miaka minane. Matokeo ya kura ya urais yalitangazwa jioni ya Desemba 30, 2007, na kabla ya usiku kuwa mwingi tulikuwa tumeshaacha nyumba, mama akiwa amebeba mdogo wangu na godoro la watoto, mimi nikiwa nimebeba sufuria yenye wali ambao haukuwa umeiva. Tulikwenda kanisani, nje ya Eldoret, kwa sababu kila mtu alikuwa anakwenda kanisani. Tulilala pale usiku tatu.

Mlinzi wa kanisa alikuwa mzee tuliyemwita Babu, ingawa hakuwa babu wa yeyote kati yetu. Usiku wa kwanza alizunguka ua na tochi kama kawaida yake. Siku ya tatu, Januari 1, redio ikasema kanisa la Kiambaa, sehemu ile ile ya Eldoret, limechomwa moto na watu waliokuwa wamekimbilia ndani, wengi wao wanawake na watoto. Baada ya habari hiyo watu wazima hawakutaka tena tulale ndani. Tulilala kwenye nyasi, nyuso zikielekea ua. Usiku huo Babu alikwenda kufunga mlango mdogo ulio nyuma ya jikoni, na hakurudi. Asubuhi wanaume walimfunika na kitambaa cha madhabahu kwa sababu hakukuwa na shuka la ziada.

Mama alikuwa miongoni mwa wachache waliobaki na chaji na salio kidogo. Alipiga kituo cha polisi cha karibu. Namkumbuka akiongea kwa sauti ya chini, mgongo umetugeukia, akitaja jina la kanisa, idadi yetu, upande ambao vijana walikuwa. Alipomaliza wanawake walimuuliza wamesema nini. Akawaambia, "Wamesema wamepokea."

Siku ya nne lilikuja lori la wanajeshi. Mmoja wao alininyanyua kwa mkono mmoja na kuniweka juu, akanipa biskuti ngumu kama kigae. Nilimpenda mtu yule kwa muda mrefu. Kwa hiyo sina kisa chepesi cha kusimulia kuhusu jeshi. Walikuja. Walikuja siku ya nne. Tume ya Waki iliyochunguza ghasia zile ilihesabu waliokufa 1,133, na ndani ya hesabu hiyo, natumaini, Babu yumo.

Siku hizo hizo za Januari 2008, jambo ambalo nilikuja kulijua chuoni, Wakenya wachache akiwemo Ory Okolloh, Juliana Rotich na David Kobia, pamoja na Erik Hersman, walitengeneza kwa haraka tovuti ya kuonyesha kwenye ramani mahali ghasia zinapotokea. Mtu aliweza kutuma taarifa kwa intaneti au kwa ujumbe wa simu. Waliiita Ushahidi, na baadaye ilitumika katika majanga ya nchi nyingi. Mhadhiri wetu aliifundisha kama fahari ya nyumbani, na ni haki yake. Nilipokuwa nikiisoma nilijaribu kufikiria mstari wetu ungekuwaje ndani yake: saa, mahali, aina ya tukio, imethibitishwa au la. Mama hakujua kuna tovuti kama hiyo. Angejua, labda angetumia salio lake la mwisho kutuma.

Sasa nilikuwa mbele ya jedwali linalofanana sana na lile. Saa, mahali, aina ya tukio. Tofauti ni safu moja. Jedwali la Ushahidi lilijaa mambo yaliyotokea kweli, na hakuna aliyelazimishwa kuandika pembeni yake nani anatarajiwa kufanya nini. Jedwali langu lilijaa mambo ambayo hayajawahi kutokea, na kila moja lilikuwa na mtu wa kulishughulikia, na dakika zake.

Jioni hiyo nilimpigia mama, ambaye siku hizi anauza nafaka Nakuru. Nilimwambia ninaandika zoezi la wanajeshi lenye watu wa kanisani, na kwamba ningependa liwe la kweli. Sikujua atanipokeaje. Hatukuwa tumelizungumzia jambo lile kwa miaka.

"Watu wangapi umeweka?"

"Mia mbili sitini."

"Tulikuwa zaidi. Na umeweka choo?"

"Sijaweka."

"Weka choo. Kilijaa siku ya kwanza, watu wakawa wanatoka nje ya ua usiku. Hapo ndipo hatari. Wewe ulikuwa mtoto, ulidhani watu wanatoka kutazama." Akanyamaza, kisha akasema, "Na uandike tulipiga simu mara sita. Si mara moja."

"Sawa, mama."

"Na kwenye hiyo kompyuta yenu, wanakuja?"

"Inategemea."

"Inategemea nini?"

"Inategemea kama hawajashughulika na jambo lingine."

Nilisikia akiongea na mteja, akipima kitu, akitoa chenji. Aliporudi kwenye simu akasema, "Basi umeandika vizuri. Ndivyo ilivyokuwa."

Siku ya tatu ya zoezi, saa nane na dakika kumi mchana, au 14:10 kama programu inavyoandika, mstari wangu uligeuka kutoka rangi ya idhini hadi rangi ya kutumwa. Mimi ndiye niliyekuwa katibu wa parokia. Nilipiga simu. Ng'ambo ya uwanja alipokea kapteni mmoja ambaye kwa lafudhi nilimdhania Mtanzania. Nikasoma maneno yangu yote. Alinisikiliza bila kunikatiza, akauliza jina la mahali, nikamtajia.

"Tumepokea, mama," akasema. "Asante kwa taarifa."

Simu ikakatika. Mkono wangu ulibaki juu ya kipokea sauti muda mrefu kuliko ilivyofaa.

Dakika kumi kabla, meza ya pili ilikuwa imewadunga sindano kubwa ya msafara ulioviziwa barabarani, na jengo zima la ng'ambo lilikuwa limeelekea huko. Dakika 45 zikapita. Programu ikaniwekea alama ya njano: jibu halijapokelewa. Kanuni ilikuwa kwamba mtunzi anaandika "hakuna hatua" na kuendelea na mstari unaofuata.

"Afande, naomba nipige tena."

"Imeandikwa mara moja."

"Katika hali halisi mtu hapigi mara moja."

Meja alinitazama juu ya miwani yake, akapunga mkono. Piga.

Nilipiga mara ya pili, akapokea mtu mwingine, akaniambia jambo langu liko mezani. Nikapiga ya tatu, akasema kapteni yuko kwenye mkutano. Mara ya nne akapokea kapteni mwenyewe, sauti imechoka, nami sikuwa tena na maneno yaliyoidhinishwa. Nilisema kilichonijia.

"Mzee wetu ametoka kufunga mlango mdogo nyuma ya jikoni na hajarudi."

Alinyamaza. Kisha akauliza, "Hapo kwenu kuna milango mingapi?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo. Halikuwa kwenye safu yoyote. Nilifumba macho nikaanza kuhesabu: geti kubwa la barabarani, mlango wa upande wa shule, ule wa jikoni. "Mitatu," nikasema. Akauliza mtu anaweza kusimama wapi akaiona yote. Nikamwambia kwenye ngazi za mnara wa kengele. Akauliza kama kuna vyoo nje ya ua. Nilipoweka simu chini, meja alikuwa amesimama nyuma yangu, na kwenye ramani ya skrini alama ndogo ya bluu ilikuwa imeanza kusogea kutoka kambini kuelekea kwetu. Nasema kwetu. Ndivyo nilivyoiona.

Saa kumi na moja kasoro alama ya bluu ilikuwa bado haijafika. Ilisimamishwa kwenye kizuizi cha magogo nilichokiweka mimi mwenyewe. Hapo spika ya chumbani ikakoroma na mkurugenzi wa zoezi akatangaza: asanteni, tunaishia hapa leo, saa ya zoezi itaruka hadi kesho saa kumi na mbili asubuhi. Watu wakajinyoosha. Mtu akauliza basi la kwenda mjini linaondoka saa ngapi.

Mazoezi mengi hufanya hivyo, na sababu zake zinaeleweka. Kumweka mtu macho usiku ni gharama, na mengi ya kufundisha makao makuu hufundishika mchana. Kwa hiyo kuna saa mbili, ya ukutani na ya zoezi, na ya zoezi inaweza kuruka. Nilikuwa nimelijua jambo hilo tangu siku ya kwanza. Nilikuwa nimeliona kwenye ratiba, sanduku la kijivu kati ya siku na siku. Ila sikuwa nimefikiria kwamba kila kilichotutokea sisi kilitokea ndani ya sanduku la kijivu.

Asubuhi yake muhtasari wa usiku ulikuwa umeshaandikwa. Mstari wangu ulikuwa umefungwa. Pembeni yake paliandikwa: doria imefika, hali ni shwari.

"Afande, walifika saa ngapi?"

"Usiku."

"Lakini saa ngapi?"

"Walifika, msomi. Tumeandika walifika."

Hakusema kwa ubaya. Ndivyo saa ya zoezi inavyofanya kazi. Mwaka 2002 Marekani iliendesha zoezi kubwa, Millennium Challenge, lililogharimu dola milioni 250. Paul Van Riper, jenerali mstaafu aliyepewa kuongoza upande wa adui, alishambulia ghafla na kuzamisha meli 16 za kuigiza. Waandaaji wakaziinua kutoka baharini, zoezi likaendelea, na yeye akajiondoa kwenye nafasi hiyo. Nilipokisoma kisa hicho mara ya kwanza nilikicheka pamoja na wengine. Asubuhi ile sikucheka. Mtu mmoja, pengine akiwa na haraka ya kwenda kula, alikuwa ameandika kwamba tuliokolewa, na sikujua kama nilitaka kumshukuru au kumfutia sentensi yake.

Nilimpigia mama wakati wa chai nikamwambia walikuja.

"Saa ngapi?"

Nikamwambia haikuandikwa.

Siku ya mwisho kulikuwa na kikao cha tathmini, na kwa mara ya kwanza majengo mawili yalikaa chumba kimoja. Programu ilitoa michoro yake, rangi za kijani na njano. Sindano yangu ilikuwa njano moja kati ya nyingi. Kapteni alipopewa nafasi alisimama, mrefu, mwembamba kuliko sauti yake, akasema kuna jambo hakuliona kwenye michoro. Akasema alimjibu mwanamke mmoja "tumepokea" na kwamba wakati ule aliamini amefanya kazi. Alikuwa amelipeleka kwenye daftari, amelipa namba. Ni mpaka alipopigiwa mara ya nne ndipo alipotambua kwamba hakuwa amemuuliza hata swali moja ambalo lingemsaidia mtu wa doria atakapofika pale gizani.

Baadaye, kwenye foleni ya chakula, alinijia.

"Samahani dada, wewe ndiye katibu wa parokia?"

"Ndiye."

"Hukuwa unasoma, mara ile ya mwisho."

"Hapana."

Hakuuliza zaidi, na nilimshukuru kwa hilo. Alisema tu kwamba mwakani huenda akapangiwa kazi nje ya nchi, mahali ambapo simu kama ile hupigwa kweli. Kisha tukazungumza kuhusu pilipili ya mesi, ambayo ilikuwa kali kupita kiasi.

Nimekuwa nikiandika tasnifu yangu kuhusu programu hizi, na mhadhiri wangu ananitaka niamue: ni nzuri au zina kasoro. Ninachoweza kusema ni kwamba mtu mmoja aliulizwa swali mara nne mchana ili siku moja asilijibu vibaya usiku, na sidhani kama lori langu la siku ya nne liliwahi kupita mikononi mwa mtu aliyefanya zoezi la namna hiyo. Ninachojua pia ni kwamba jedwali lilifunga usiku wetu kwa sentensi moja, na wote waliokuwa chumbani waliona sawa.

Baada ya zoezi nilibaki siku mbili kusafisha hazina ya sindano, kwani nzuri hutunzwa kwa kozi zijazo. Niliifungua ile ya kanisa. Niliongeza choo. Nilibadilisha simu moja kuwa sita. Saa nikaitoa 14:10 nikaiweka 02:15, na kwenye hatua inayotarajiwa, chini ya maneno ya meja ambayo sikuyafuta, nikaandika: aliyepiga aulizwe milango ni mingapi.

Meja alisoma akitafuna njiti.

"Hii itanilazimu kuweka zamu ya usiku. Zamu ya usiku ni chai, ni mkate, ni basi."

"Ndiyo, afande."

"Nitaongea na kanali," akasema, na kuibadilisha rangi kutoka rasimu hadi imeidhinishwa.

Nilimweleza mama jioni hiyo. Alitaka kujua kama nimemweka Babu. Nikamwambia yumo, lakini haturuhusiwi kuweka majina ya watu wa kweli.

"Basi andika kwamba funguo zote alikuwa nazo yeye," akasema. "Tulikaa mpaka asubuhi na mlango wazi, kwa sababu hakuna aliyetaka kwenda kumtoa funguo mfukoni. Hilo wakiambiwa watajua waanzie wapi."

Sikuwa nalijua hilo. Miaka yote niliamini kwamba mlango ule ulifungwa. Nilifungua kompyuta tena, simu ikiwa sikioni, nikauongeza mstari huo kama alivyousema.